Miguu ya mpira hailishwi mafuta

Wiki hii kaja kijana wa Jambiani, mtembezaji wageni, kafungua kopo lake mbele yangu. Ndani mna kaa wa bandia kumi na wawili, chambo cha ndoana chenye miguu ya mpira, niliowafunga mwenyewe kabla ya mfungo. Miguu imevimba, inanata, imeshikana kama tambi zilizopitiliza jikoni. Nikamuuliza kaifanya nini. "Nimeipaka mafuta ya nazi, fundi, isikauke." Huyo ni wa ngapi, wallahi sikumbuki. Kusema nimechoka, basi naandika.

Kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu: nywele, ngozi ya mtoto, bawaba inayolia. Sasa yamehamia kwenye ndoana. Watu huuona mpira kama ngozi, ukikauka unaupa mafuta unarudi. Haurudi. Mpira wa asili, unaotokana na utomvu wa mti, huyanywa mafuta. Hunenepa, hulegea, na nguvu huutoka. Kinachowadanganya ni zile siku mbili za mwanzo, mguu unapong'aa na kucheza vizuri majini. Baada ya hapo samaki kama kikande akigusa mara moja tu, unavuta chambo kilemavu.

Usiniamini mie. Kata mguu mmoja vipande viwili vilivyo sawa, kimoja kilaze usiku kucha kwenye kizibo cha soda chenye mafuta ya nazi. Asubuhi viweke ubavu kwa ubavu, kisha uvivute. Hutanirudia na swali.

Ya kupikia, ya mgando, yote ni hayo hayo, na ya mashine ya boti ndiyo mabaya kupita yote. Losheni ya jua wanayojipaka wageni nayo isifike kwenye kopo, wala dawa ya mbu, ambayo huila hata miguu ya spandeksi, ule uzi wa nguo za kuvutika. Mteja akinijia na vidole vya mishkaki simpi kitu mpaka anawe kwa sabuni. Wanasema nina maringo. Sawa.

Mpira huuawa na jua, joto, na kukaa umevutwa muda mrefu. Ndiyo maana miguu iliyobanwa na kifuniko hupasuka palepale ilipobanwa. Ukitoka bahari suuza kwa maji baridi ya bomba, anika kivulini, nyunyiza poda ya mtoto kidogo, funga kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Kopo lisiachwe juu ya sitaha ya boti saa saba mchana. Mguu uliokwishapasuka haugangwi. Ung'oe, funga mwingine.

Usemi wa pili unaoniudhi ni "mpira ni mpira tu". Mtu hununua miguu ya silikoni, anaichora mistari kwa makapeni, wino unafutika kwa kidole, anakuja kuilaumu kalamu. Kalamu haina kosa, silikoni haishiki wino. Ukitaka madoa kwenye silikoni nunua iliyotiwa madoa kiwandani. Mpira wa asili na spandeksi ndiyo ya kuchora: ivute kidogo juu ya kibao, chora mistari, ngoja wino ukauke kabisa, ndipo uiachie. Mistari itasogeleana na rangi itakolea. Hujui umeshika ipi? Choma ncha kwa kiberiti, nje, si chumbani. Mpira wa asili hutoa moshi mweusi, silikoni huacha majivu meupe, spandeksi huyeyuka.

Wengine husema, "Mguu mnene samaki huuona zaidi." Mnene husimama kama kijiti. Mwembamba hutikisika hata maji yakiwa yametulia, na samaki anautafuta huo mtikisiko.

Kaa ana miguu kumi, kweli, magando yakiwemo. Chambo hakihitaji kumi. Mie hufunga minne, mara chache sita, kila mmoja na fundo moja katikati liwe goti, urefu usipite sana upana wa mwili. Mirefu hujizungusha kwenye ndoana ukirusha, kisha mtu husema siku hiyo samaki hawakuwepo. Nami huikata mwisho kabisa, baada ya kukitia chambo kwenye bakuli la maji na kukitazama kinavyozama. Kwenye jiriwa, kile kibanio ninachofungia chambo, kila mguu huonekana mzuri.

Halafu kuna wanaokata miguu kwenye tyubu ya baiskeli. Najua ni bure, na vipande vyake vimefunga nusu ya vyombo vya pwani hii. Lakini tyubu nyingi ni nyeusi kwa masizi yaliyochanganywa humo, hakuna wino utakaoonekana juu yake, na hata ukate kwa wembe mpya ukanda wake ni mgumu, hautikisiki. Waachieni watoto wafanyie manati.