Kusisimua ubongo bila upasuaji: maana yake

Ni kuchochea seli za neva kutokea nje ya fuvu, bila kuchana ngozi wala kupitisha waya kichwani. Hujaribiwa pamoja na dawa kwa wenye ugonjwa wa Parkinson (wa ubongo, huleta kutetemeka na kukakamaa) na kwa wale ambao misuli yao hukaza na kujipinda bila hiari. Watu hudhani ni kupigwa shoti. Sivyo: mgonjwa hukaa kitini yu macho, hapewi nusukaputi.

Njia ya sumaku ilionyeshwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Umeme hupita ghafla kwenye koili (waya uliozungushwa), ukazaa sumaku ya takriban tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa muda usiofika milisekunde 1. Mfupa huzuia sehemu kubwa ya umeme ila hauzuii sumaku, kwa hiyo sumaku hupenya na kuzaa umeme mdogo ndani ya ubongo.

Kwanza hupimwa kizingiti, yaani nguvu ndogo kabisa inayoshtua misuli. Koili huwekwa juu ya eneo linaloongoza mkono, nguvu ikapandishwa taratibu mpaka kidole gumba kishtuke angalau mara 5 katika mapigo 10. Kipimo cha tiba hutoka hapo. Pigo 1 kwa sekunde kwa kawaida hutuliza eneo, 5 na zaidi huliamsha. Koili ikiteleza sentimita moja, tayari unachochea mahali pengine. Misuko minene nayo huiinua koili, basi hufumuliwa. Vizibo vya masikio ni lazima, maana koili hulia kwa mlio mkali.

Njia ya umeme hutumia miliampea 1 hadi 2 kwa dakika 20 hivi, kupitia sponji zenye maji ya chumvi. Sponji ikikauka, ngozi huweza kuungua.

Udhaifu mkubwa ni kina. Koili ya kawaida hufika sentimita 2 hadi 3, ilhali viini (vikundi vya seli za neva) vinavyoathirika na Parkinson viko chini zaidi, hivyo huguswa kwa kupitia mawasiliano yao na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Nafuu huwa ya wastani na hufifia, levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haiachwi.

Sumaku inaweza, ingawa kwa nadra, kuamsha degedege. Kwa Mbeya, Mbozi na Iringa, kunakofugwa nguruwe wengi, swali la kifafa lisiulizwe juujuu. Mayai ya tegu wa nguruwe, yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu na kumezwa kwa mikono au mboga chafu (si kwa kula kitimoto), huwa mabuu yanayoweza kukaa ubongoni kimya kwa miaka, kisha yakaleta kifafa. Aliyewahi kuanguka kifafa apigwe picha ya CT kabla ya kuguswa na koili. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au chuma kichwani hata kizingiti asipimwe kabla daktari hajakihakiki kifaa hicho.