Chuki dhidi ya Waislamu walio wachache: yanayosemwa na yaliyothibitika

"Maneno hayavunji mfupa."

Mwili hausemi hivyo. Watafiti walipitia vyeti vya kuzaliwa vya jimbo la California, wakalinganisha wanawake waliojifungua katika miezi 6 iliyofuata mashambulio ya Septemba 11, 2001 na waliojifungua miezi hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Miongoni mwa wenye majina ya Kiarabu, watoto njiti na watoto wenye uzito chini ya gramu 2,500 waliongezeka. Kwa makundi mengine ya wanawake ongezeko hilo halikuonekana. Si lazima mtu apigwe. Mama anayepanda basi huku akiwaza nani atamvuta hijabu hukaa chonjo safari nzima, na mwili unaokaa chonjo humwaga homoni za msongo. Kwa saa chache homoni hizo ni kinga. Zikidumu miezi, usingizi hukatika na shinikizo la damu hupanda.

"Ukiwa na sifa, jina si kitu. Na wanaobaguliwa hubaguliwa kwa ugeni wao, si kwa dini."

Jambo hili limepimwa, tena kwa umakini. Nchini Ujerumani zilitumwa barua za maombi ya kazi zenye sifa zilezile na picha ya mwanamke yuleyule. Kilichobadilika ni jina na kitambaa kichwani. Alipoitwa Sandra Bauer, jina la Kijerumani, asilimia 18.8 ya barua zilijibiwa kwa mwaliko wa usaili. Alipoitwa Meryem Öztürk, jina la Kituruki, asilimia 13.5. Meryem huyohuyo akiwa na hijabu, asilimia 4.2. Maana yake Meryem wa hijabu atume barua mara nne na nusu ya zile za Sandra ili apate nafasi ileile ya kusikilizwa.

Ufaransa watafiti walikwenda mbali zaidi. Waliwabuni waombaji wawili wenye asili ya Senegal na ukoo mmoja, Khadija Diouf na Marie Diouf. Asili moja, elimu moja. Mmoja aliwahi kufanya kazi katika shirika la misaada la Kiislamu, mwenzake katika la Kikatoliki. Uwezekano wa Marie kuitwa kwenye usaili ulikuwa mara 2.5 ya ule wa Khadija. Ugeni ulikuwa sawa kwa wote wawili. Kilichowatofautisha ni dini.

Anayekataliwa hivi miaka nenda rudi huishia kupokea kazi iliyo chini ya elimu yake, au kufanya biashara na watu wa jamii yake tu. Kisha jirani humtazama na kusema, "Hawa hawataki kuchanganyika." Shutuma hiyo inauma kuliko zote, maana mlango ulifungwa kutoka upande wa pili.

"Kuwachunguza wote kunaleta usalama."

Polisi wa New York walikuwa na kitengo kilichofuatilia misikiti, migahawa na vyama vya wanafunzi Waislamu. Mwaka 2012 afisa wa polisi hao alikiri kwa kiapo, katika kesi, kwamba kwa zaidi ya miaka 6 kazi ya kitengo hicho haikuzaa hata fununu moja ya kufungulia uchunguzi wa ugaidi. Kilivunjwa mwaka 2014. Hasara ilibaki msikitini: ukishuku kuwa anayeswali pembeni yako ni mpelelezi, hutasema jambo zito mbele yake, na mgeni hutamkaribisha kama zamani.

"Hayo ni ya Waislamu peke yao."

Balbir Singh Sodhi alikuwa Singasinga, muumini wa dini ya Sikh, si Mwislamu. Aliuawa kwa risasi Mesa, Arizona, tarehe 15 Septemba 2001, na mtu aliyemdhania Mwislamu kwa sababu ya kilemba na ndevu zake.

"Taarifa polisi ni chache, basi tatizo ni dogo."

Utafiti wa Umoja wa Ulaya uliotolewa mwaka 2024, katika nchi 13, ulikuta asilimia 47 ya Waislamu waliohojiwa walikuwa wamebaguliwa katika miaka 5 iliyotangulia. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 39. Walioripoti tukio la mwisho lililowapata: asilimia 6. Wengi huona hakuna kitakachofanyika, na tukio lisiloandikwa halihesabiwi.

Ushahidi nao hupotea kwa haraka ya kuondoa aibu. Ukuta wa msikiti ukichorwa matusi, waumini husugua kabla ya kupiga picha. Piga kwanza, kwa mbali ionekane ni jengo gani, kisha kwa karibu. Ujumbe wa matusi usiufute. Uhifadhi ukiwa na tarehe na jina la akaunti. Andika siku hiyohiyo maneno yenyewe yaliyotamkwa, hata yawe machafu kiasi gani, kwa sababu "alinitukana" haithibitishi kuwa ulilengwa kwa dini yako. Omba picha za kamera za duka au basi mapema, kwani nyingi hufutika zenyewe baada ya siku au wiki chache. Ukiumia, mwambie daktari chanzo ili kiingie kwenye faili. Polisi waombe waandike wazi kuwa ni tukio la chuki ya kidini, na usiondoke bila namba ya jalada.