Fizikol kemistri si ya majiniasi peke yao

Kila mwaka vijana wakiripoti chuo, Egerton pale Njoro ama kule Maseno, kuna mmoja ataniuliza kama ni kweli fizikol kemistri, ile kemia ya kupima nishati, kasi ya riaksheni na umbo la molekuli, ni ya majiniasi wa hesabu, na huwa naumia roho sana ju najua ashatishwa na wa mwaka wa tatu kabla hata afungue daftari.

Hesabu iko, sikudanganyi, integresheni na logi utazizoea. Lakini wale ninaowasaidia jioni hawaangushwi na integresheni. Mtu amepanga fomula vizuri kabisa, halafu anaweka selsiasi mahali pa kelvini, kipimo kingine cha joto, ama anakosa plasi na mainasi kwa sababu hajui nishati inaingia ama inatoka.

Na hiyo inatoka kwa dhana sugu kuliko zote, eti ukivunja bondi, yaani kile kinachoshikanisha atomu, nishati inatoka. Wengi wamekuja nayo kutoka baiolojia, waliambiwa ATP, ile molekuli inayobeba nishati kwa seli, ikivunjika inatoa nguvu, basi wanaona bondi kama chupa ya soda, fungua imwagike. Hapana. Kuvunja bondi kunakula nishati, kila mara. Inatoka wakati bondi mpya zinafungwa. Chukua haidrojeni ikiungua: kuvunja moli mbili (moli ni kipimo cha kuhesabu molekuli) za haidrojeni unalipa nishati ya kilojuli 872, moli moja ya oksijeni 498, jumla 1370. Maji yakiundwa, zile bondi za oksijeni na haidrojeni zinakurudishia kama 1852. Hiyo 482 inayobaki ndio moto. Ndio maana makaa hayajiwashi kwa jiko, lazima uanze na karatasi ama mafuta ya taa kidogo, unalipia bondi za kwanza, yakishashika yanajilipia yenyewe. Hata ATP iko hivyo, faida inatoka kwa vile vitu vipya vinavyoundwa ikikutana na maji.

Na tukiwa bado kwa makaa, kuna wanaodhani riaksheni ikiitwa spontenias, yaani inaweza kwenda yenyewe, basi ni ya haraka. Gunia la makaa liko nje kwa duka, limezungukwa na oksijeni mchana na usiku, themodainamiki, ile hesabu ya nishati, inasema linafaa kuungua, na linamaliza mwezi hapo limetulia tu. Themodainamiki inakuonyesha mteremko uko upande gani, mwendo ni kazi ya kinetiki, upande unaopima kasi ya riaksheni. Almasi pia inafaa kugeuka grafaiti, ile ya penseli, na hakuna mtu ameona pete yake ikigeuka.

Maji kuchemka digrii 100 kila mahali? Hiyo ni usawa wa bahari. Kisumu ni kama 96, Nakuru kama 94, ju huku juu hewa inakandamiza kidogo. Shangazi yangu alikuja kwangu na maharagwe yake ya Kisumu, yakachelewa kuiva kuliko alivyozoea, akalaumu makaa ya Nakuru. Nilimchorea ile grafu ya presha na joto nyuma ya risiti, akaielewa mara moja, na hajawahi kuketi kwa darasa la kemia.

Sasa upande wa strakcha, yaani umbo la molekuli, huko wanasema ni kukremu michoro. Hii inaniuma zaidi, kwa sababu kila mchoro ule kuna mtu aliupima. Dorothy Hodgkin, Mwingereza aliyepata Nobel ya kemia 1964, alianza na insulini miaka ya 1930 akitumia eksirei na fuwele, akapata umbo lake 1969. Zaidi ya miaka 30 kwa molekuli moja.

Kwa hivyo usikremu, shika. Chukua kiazi kidogo na vijiti vinne vya meno, vichome kila kimoja kikae mbali kabisa na wenzake. Hiyo ndio methani, kaboni katikati na haidrojeni nne. Pima pembe yoyote, vijiti vikikaa sawa itakaribia digrii 109.5, si ile 90 ya msalaba tunaochora kwa ubao.