Dakika chache za kuonana na daktari: maswali na majibu

Daktari hutumia muda gani kwa mgonjwa mmoja?

Hutofautiana mno. Mapitio ya tafiti kutoka nchi 67, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba mgonjwa wa huduma za msingi huonana na daktari kwa wastani wa sekunde 48 nchini Bangladesh na dakika 22 na nusu nchini Uswidi. Katika nchi 18, zenye takribani nusu ya watu wote duniani, wastani ni dakika 5 au pungufu. Muda huo ukigawanywa kwa kusikiliza, kupima, kuandika dawa na kueleza, si ajabu maelezo yakawa ndiyo yanayorukwa.

Je, muda mfupi ni dalili ya huduma mbaya?

Si lazima. Anayefuata dawa za shinikizo la damu lililokwisha kutulia huenda asihitaji zaidi.

Nikieleza yote bila kukatizwa, si nitamaliza muda wa daktari?

Hofu hiyo madaktari wengi wanayo pia, ingawa ushahidi hauiungi mkono. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 ulikuta wagonjwa wakikatizwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu. Mwaka 2002, katika kliniki moja ya Uswisi, madaktari waliombwa wanyamaze hadi mgonjwa amalize mwenyewe. Wastani ukawa sekunde 92, na karibu wagonjwa wanane katika kila kumi walimaliza ndani ya dakika 2. Kwa maoni yangu, kinachopoteza muda ni jambo kuu kuchelewa kutajwa kuliko maneno kuwa mengi.

Kwa nini lichelewe?

Kwa aibu, au kwa woga wa jibu. Mgonjwa huanza na mafua, akaandikiwa dawa, na akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango ndipo husema: “Halafu daktari, siku hizi nikipanda ngazi kifua kinanibana.” Hiyo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa moyo, nayo imetajwa wakati mgonjwa mwingine anaitwa.

Nijiandae vipi?

Andika kwenye karatasi tatizo linalokutia wasiwasi zaidi, lilianza lini, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Litaje tatizo hilo mara tu unapoketi. Kabla ya kuondoka, mrudie daktari maelekezo ya dawa kwa maneno yako, ili ukikosea akusahihishe hapohapo.