WDIA ilikuwa redio ya nani? Hiyo "ya" inatuponza

Nimesahihisha insha za wanafunzi wangu wa utangazaji jana usiku, na imo tena: "WDIA ya Memphis, redio ya kwanza ya watu weusi Marekani." Safari hii sikuishia kupiga mstari mwekundu. Naandika.

"Ya" kwa maana ipi? Leseni ilikuwa mikononi mwa John Pepper na Bert Ferguson, wazungu wawili waliofungua kituo mwaka 1947, na biashara ikawawia ngumu. Oktoba 1948 wakamweka Nat D. Williams, mtu mweusi, kwenye maiki, na muda si mrefu vipindi vyote vikawa vinawalenga weusi. Hapo, kwa vipindi, ndipo WDIA ilipokuwa ya kwanza. Kumiliki ni habari nyingine: redio ya kwanza iliyomilikiwa na mtu mweusi ni WERD ya Atlanta, iliyonunuliwa na Jesse B. Blayton mwaka 1949. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni la meza ya mitambo. Mwanzoni watangazaji weusi wa WDIA hawakuendesha mitambo wenyewe. Fundi mzungu ndiye aliyeweka santuri na kufungua maiki. Aliyewahi kukaa studio anajua uzito wake: mwenye swichi ndiye mwenye uwezo wa kukunyamazisha katikati ya sentensi. Sasa utaniambia redio ni "ya" nani?

Na bado siwezi kusema haikuwa yao. Nat D. hakupewa jina na kituo, alikuja nalo. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya Booker T. Washington, mwandishi wa safu magazetini, na mshereheshaji wa mashindano ya vipaji kwenye mtaa wa Beale Street mjini Memphis. Alitangaza alfajiri, akaenda kufundisha, kisha akarudi studio alasiri. Rufus Thomas, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitangaza huku akiendelea na kibarua kiwandani. Mwanamuziki wa blues B.B. King aliingia kwa kuimba tangazo la dawa iitwayo Pepticon. Hawa ndio tunaowaita mastaa, kana kwamba maiki iliwalisha.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hulipita mbio, nami ndilo linalonigusa kuliko yote: matangazo madogo. Mtoto amepotea, ng'ombe amepotea, mtu amedondosha meno yake ya bandia, WDIA inasoma. Enzi hizo magazeti mengi ya wazungu Kusini hayakumwita mtu mweusi hata Bwana au Bibi. Kusikia shida yako ikisomwa kwa heshima, na sauti inayofanana na ya jirani yako, kunaigeuza redio kuwa yako, mwenye leseni awe nani. Lakini faida ilikwenda kwa wenye leseni. Nimefundisha somo hili miaka mingi na hukumu yangu bado hubadilika kila muhula.

Halafu ile hesabu ya mmoja kati ya kumi ya wasikilizaji. Mwaka 1954 kituo kilipanda kutoka wati 250 hadi kilowati 50, na tangu hapo inarudiwa kwamba kilimfikia mmoja kati ya kila weusi kumi wa Marekani. Nami nimeirudia darasani. Ile ni hesabu ya watu walioishi ndani ya eneo la mawimbi, wakiwemo waliolala, waliokuwa shambani na wasiokuwa na redio kabisa. Siku hizi mwanafunzi akiiandika, namwekea swali pembeni: masafa au masikio?