Je, Wajua Kwa Nini Mchezo wa Watoto Hubadilishwa Kanuni Ukipelekwa Kazini?

Chukua mchezo wa viti. Watoto kumi wanazunguka viti tisa, muziki unazimwa ghafla, anayekosa kiti anatoka. Kwa watoto hakuna neno, maana raundi ijayo aliyetoka atarudi. Upeleke vivyo hivyo kwenye siku ya wafanyakazi uone: wa kwanza kutoka ni mwenye goti bovu, au yule mgeni wa juzi anayeona haya kumpiga kikumbo meneja. Wale hasa mliotaka wazoeane na wenzao ndio wanaoishia pembeni wakichezea simu.

Ndiyo maana waandaaji wazoefu hubadili kanuni moja tu: viti vinapungua, watu hawatoki. Vikibaki vitatu, wote kumi watafute pa kujishikiza, huyu akimwegemea yule, mwingine akining'inia kwenye mkono wa mwenzake. Sasa kila mtu anawaza namna ya kumweka jirani yake.

Kuvuta kamba kuna kisa chake. Mchezo huu ulikuwamo kwenye Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, lakini kwa kazini utafiti wa mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, uliochapishwa mwaka 1913, una manufaa zaidi. Alipima nguvu za watu wakivuta peke yao, kisha wakivuta kwa makundi. Katika kundi la watu 8, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu alizotoa akiwa peke yake!

Nusu nyingine ilikwenda wapi? Sehemu ilipotea kwa sababu hawakuvuta kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ni kutegea. Mwaka 1974 mtafiti Alan Ingham na wenzake walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele kwenye kamba, na walio nyuma yake wakajifanya wanavuta. Alipoamini ana wenzake, alipunguza nguvu, kumbe anavuta peke yake. Wala si lazima awe mvivu. Mchango wake hauonekani, basi mwili unalegea wenyewe.

Kwa hiyo kamba ya kazini haifai kuwa na umati. Weka watu watatu au wanne kila upande, wavute raundi ya kwanza kimyakimya, ya pili wakiwa na mtu wa kuhesabu, kisha mhesabuji abadilishwe. Mara nyingi tofauti huonekana bila kuelezwa. (Na asijizungushie mtu kamba mkononi, kuna waliopoteza vidole kwa hilo.)

Mchezo wa kunong'onezana ujumbe, ambao mwisho wa mstari hutoka kituko, huhitaji nyongeza ndogo tu: raundi ya pili, kila anayepokea aruhusiwe kumrudishia aliyemwambia alichosikia, kabla ya kukipeleka mbele. Wakubwa wa idara wapangwe katikati ya mstari, maana wakikaa mwanzoni hakuna atakayethubutu kuwaambia "sijakusikia".