Pepo akitajwa jina mara saba

Kazi yangu ni historia ya kanisa, na pembeni huwa nasoma miswada ya riwaya za Kikristo kabla haijachapishwa. Juzi kijana mmoja kaniletea wa kwake, kaandika vizuri tu, ila kuna sehemu mchungaji anapaka mafuta kona nne za chumba, anataja jina la pepo mara saba, ndo malaika anayehusika na pepo huyo anashuka. Nikamuuliza kwa nini saba, kwa nini sio sita? Akasema, "Mwalimu, si ndo utaratibu wenyewe?"

Mi hapo ndo naogopa, wala sio wale wachawi wa hadithi za watoto ambao watu wanawapigia kelele miaka nenda rudi, maana hao kila mtu anajua ni wa kubuni. Utaratibu wa mafuta unaingia kimya kimya, msomaji anafunga kitabu na Jumapili anaomba vile vile.

Na una babu yake. Kuna maandishi ya Kigiriki ya karne za mwanzo baada ya Kristo yanaitwa Agano la Sulemani, humo Sulemani anapewa pete na malaika Mikaeli, anawahoji mapepo mmoja mmoja, kila mmoja anataja jina lake, ubaya anaoufanya na malaika anayemuweza. Yaani kama orodha ya magonjwa na dawa zake. Kwenye Biblia haimo, lakini yule kijana kaiandika upya bila kuijua.

Najua mtaniletea Marko 5, Yesu aliuliza jina akajibiwa Legioni. Sawa, ila sura ya 1 hakuuliza kitu, alisema "Fumba kinywa, umtoke", ikawa basi. Halafu someni Matendo 19 taratibu: wana saba wa Skewa (saba tena!) wanalitumia jina la Yesu kama ufunguo, pepo anawauliza nyie ni nani, wanapigwa mpaka wanakimbia uchi. Na jina walilotaja lilikuwa lenyewe kabisa! Mistari michache mbele watu wanachoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Anayesali anajua anaweza kunyimwa, mganga anadhani akipatia maneno lazima apewe.

Ila msitupe kila chenye fumbo. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania karne ya 16, anatiwa kapu moja na wapiga ramli eti kwa sababu ni mistiki, yaani mtu anayetafuta kuungana na Mungu kwa sala ya ndani, wakati yeye ndo aliwakanya watu wasikimbilie maono na sauti. Wa kusoma kwa tahadhari ni yule aliyejiita Dionisio, Mwareopago wa Matendo 17 (mjumbe wa baraza la Athene aliyeamini alipomsikia Paulo), kumbe kaandika karibu na mwaka 500 na falsafa kachota kwa Proklo, mwanafalsafa wa Kigiriki ambaye hata Mkristo hakuwa. Ule mpangilio wa malaika ngazi tisa umetoka kwake.

Kijana kaurudisha mswada jana. Mafuta yapo, mara saba ipo, ila sasa mchungaji akimaliza kutaja hakuna anayeshuka, anabaki amesimama pale na kichupa mkononi, na sura inayofuata ndo imekuwa nzuri kuliko zote.